Kikombe cha Kulia Kimegoma

Baiskeli ya Raleigh ya marehemu baba ililala stoo kwa miaka, imeegemea ukuta nyuma ya magunia ya mahindi, mpaka binti yetu alipochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza. Shule aliyopangiwa iko mbali na kwetu, nje ya mji wa Tabora, na nauli ya bodaboda ya kila asubuhi na kila jioni ingemaliza mshahara wangu wa ualimu kabla mwezi haujafika katikati. Mama yangu ndiye aliyekata shauri. "Baba yenu alibeba asali na nta kutoka porini kwa baiskeli ile," alisema. "Itashindwa kumbeba mjukuu wake na madaftari?"

Ni baiskeli nyeusi, ndefu, ya breki za vyuma. Magurudumu yalikuwa mazima, usukani ulinyooka, hata kengele ililia baada ya kupanguswa. Ubovu ulikuwa chini, kwenye krenki. Ukishika mkono wa pedeli na kuutikisa, ulicheza. Ukiuzungusha, ulikwaruza kwa ndani. Hapo ndipo nguvu yote ya miguu ya mpandaji inapopita. Ekseli imelala kati ya vikombe viwili vya chuma vilivyosokotewa kwenye fremu, kimoja kulia na kimoja kushoto, na ndani ya kila kikombe mna gololi 11 za robo inchi zinazoizungukia. Gololi zikiliwa au vikombe vikichimbika, baiskeli nzima inachoka. Tulikubaliana tufungue, tusafishe, tubadilishe kilichokufa na tufunge upya kabla shule hazijafunguliwa.

Karakana hatuna. Mvua za Januari zilikuwa zimekaza, barazani kunavuja, kwa hiyo kazi ikaingia sebuleni. Mkeka ulikunjwa, magazeti yakatandazwa, na sufuria ya wali ya mama ikachukuliwa bila ruhusa ikajazwa mafuta ya taa ya kuoshea vipuri. Mjomba alifika asubuhi na nyundo yake, akaamkiwa, akanywa chai, akavua shati akabaki na fulana. Baba watoto alikuwa msaidizi. Binti alipewa kazi ya kupanga vipuri kwenye ungo kwa kadiri vilivyotoka, ili virudi kwa mpangilio uleule, na kitindamimba wetu aliambiwa asiguse kitu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchomoa pini za krenki. Kila mkono wa pedeli umeshikwa kwenye ekseli na pini moja nene, milimita 9.5, iliyochongwa ubapa upande mmoja. Ubapa huo unakandamiza kwenye pengo la ekseli kama kabari. Nati iliyo upande wa pili haifanyi kazi ya kuvuta pini. Inaizuia tu isirudi nyuma. Kubana kwa pini ndiko kunakoifanya baiskeli iende, na pini iliyokaa miaka kadhaa huwa imeshikana na chuma kilichoizunguka. Mjomba alifungua nati, akainua nyundo, akapiga. Pini haikutikisika. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, na kichwa cha pini kikaanza kutanuka, nyuzi zake zikalala. Sasa hata ikilegea, isingepita kwenye tundu lake.

Kilichokuwa kinatokea kilionekana kwa macho: kila nyundo ilipotua, fremu nzima iliruka juu ya magazeti. Nguvu ya pigo haikuishia kwenye pini. Ilipita kwenye ekseli, ikaingia kwenye gololi, na gololi zikaupeleka mshindo kwenye vikombe, ambavyo ndivyo tulivyotaka kuviokoa. Pini ya namna hii hupigwa mkono wa pedeli ukiwa umesimamishwa juu ya kitu kigumu chenye tundu, ili pini ipate pa kushukia na pigo liishie sakafuni.

"Baba alikuwa na kibomba cha kazi hiyo," nikasema. "Kipande kifupi cha bomba la maji."

Mama, aliyekuwa mlangoni akiiangalia sufuria yake, aliinua kichwa. "Kile? Nakiegemezea dirisha la jikoni."

Kikaletwa. Kimekatwa pande zote mbili kwa msumeno na kulainishwa kwa tupa, urefu wake unatosha kusimama kati ya sakafu na mkono wa pedeli gurudumu likiwa limeondolewa. Baba alikikata kwa kipimo cha baiskeli hii. Mjomba alikipindua mkononi, akakiweka chini ya krenki, akapunguza kwa tupa kile kichwa kilichotanuka, kisha akapiga mara moja tu. Pini ikadondoka ndani ya kibomba na kulia chini. Hakuna aliyesema neno kwa muda, kisha Mjomba akamwomba Mungu amrehemu shemeji yake.

Pini ya pili ilitoka vilevile. Kikombe cha kushoto kilifunguka kwa spana baada ya kulegeza pete yake. Kilikuwa na vishimo kuzunguka njia nzima ya gololi. Kikombe hicho kilikwisha.

Kisha cha kulia kikagoma.

Kikombe cha kulia hakina pete. Kimefungwa moja kwa moja kwenye fremu, na ukingo wake ni mwembamba, wenye bapa mbili tu za kukamatia spana. Baba watoto alifungua kwa kuzungusha kinyume cha saa, kama kila mtu anavyofungua kila kitu. Spana iliteleza. Mjomba akashika yeye, baba watoto akaikandamiza fremu kwa magoti. Hakikuja. Jirani yetu, Mzaramo, ambaye kwa sisi Wanyamwezi ni mtani na kwa hiyo haingii nyumbani kwetu kwa kubisha hodi, alishauri moto. Mwingine alishauri mafuta ya breki. Fundi seremala aliyepita kuomba maji alisema kipigwe patasi kwenye ukingo, kizungushwe kwa vishindo.

Patasi ndiyo iliyotufumbua macho. Binti alisafisha ukingo kwa kitambaa ili patasi ipate pa kushika, na chini ya masizi akaona alama za zamani. Kumbe kilishapigwa patasi hapo awali, na mtu mwingine, wakati mwingine. Akaniita. "Mama, angalia alama zinavyoelekea. Aliyepiga hizi alikuwa anakizungusha upande wa saa. Na kikombe kilitoka, maana ndani kuna rangi ya grisi mpya kuliko ya nje."

Alikuwa sahihi. Kikombe cha kulia katika baiskeli za Kiingereza kimesokotwa kwa nyuzi za kushoto: kukifungua unakizungusha upande wa saa, na kila nguvu tuliyoitumia ilikuwa inakikaza zaidi. Sababu yake nilimwonyesha kwa penseli, kwa kuwa jambo hili likielezwa kwa maneno tu halishikiki. Kunja ngumi iliyolegea, pitisha penseli katikati, halafu shika ncha yake uizungushe kwa duara upande wa saa, huku penseli ikigusa ndani ya ngumi pande zote. Utaona penseli yenyewe inajiviringisha polepole kinyume cha saa. Hivyo ndivyo mzigo wa miguu unavyofanya kwenye krenki: unazunguka, na kila mzunguko unakisukuma kikombe kidogo upande wa pili. Kikombe cha kulia kingekuwa na nyuzi za kawaida, kingejifungua chenyewe barabarani. Pedeli nazo zimepangwa kwa kanuni hiyohiyo, ila kwao ni ya kushoto ndiyo yenye nyuzi za kushoto.

Binti alirudia na penseli mara kadhaa, akamwonyesha babu yake, yaani Mjomba, naye akajaribu kwa kidole gumba chake kikubwa mpaka akaridhika. Tulitia mafuta ya taa kwenye mshono, tukaacha yanywee usiku kucha. Asubuhi spana ilishikishwa vizuri, ikazungushwa upande wa saa, na kikombe kikatoka.

Hapo wengine wangeona kazi imekwisha. Baba watoto alikwenda mjini akarudi na jozi mpya ya vikombe, ekseli mpya, pini mbili na gololi kwenye kikaratasi. Muuzaji alimhakikishia kuwa vikombe hivyo vinaingia baiskeli yoyote. Kikombe kipya cha kushoto kiliwekwa mahali pake, kikaingia kwa mkono, laini, mzunguko wa kwanza na wa pili. Kisha kikabana. Mjomba akasema ni kutu ya ndani ya fremu. Akachukua spana. Kikaenda nusu mzunguko kwa shida, chuma kikilalamika. Akatafuta bomba refu la kurefushia mpini wa spana.

Mkubwa hapokonywi kifaa mkononi. Nikamwambia, "Mjomba, nakuomba upumzike kwanza. Chai iko tayari, na mihogo imeiva." Alipoketi, nilikizungusha kikombe kinyumenyume mpaka kikatoka. Nyuzi zake za mwanzo zilikuwa zimeng'aa upande mmoja. Kutu haichubui namna hiyo. Kutu inabana popote ilipo, tangu mwanzo. Hiki kiliingia vizuri kisha kikazidi kukazana kadiri kilivyokwenda ndani, na tabia hiyo ina sababu yake.

Nilichukua kikombe cha zamani na kipya, nikavipanga ubavu kwa ubavu, nyuzi zikitazamana, nikavielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Nyuzi zinazofanana hulaliana na mwanga haupiti. Hizi zililaliana mistari michache, kisha zikaanza kupandana, na mwanga ukapenya. Tuliweka kipimo cha fundi cherehani, kile cha inchi, tukahesabu. Kipya kina nyuzi 24 kwa inchi. Cha baba kina 26. Tofauti ya uzi mmoja na mwenzake haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, ndiyo maana kinaingia na kukudanganya. Lakini tofauti hiyo inajumlishwa kila mzunguko, na ukilazimisha, chuma kigumu cha kikombe kitakata nyuzi mpya ndani ya fremu. Kikombe kinanunuliwa. Fremu ya baba hainunuliwi.

Mimi ni mwalimu wa historia, na hapa historia ilikuwa sebuleni kwangu, juu ya magazeti. Nyuzi 24 kwa inchi mpaka leo zinaitwa na mafundi wa dunia nzima nyuzi za BSA, na BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, yaani silaha ndogo za Birmingham. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki waliotaka kutengeneza bunduki kwa mashine. Karibu na mwaka 1880, oda za bunduki zilipopungua, waligeukia baiskeli, na nembo yao ya bunduki 3 zilizosimamishwa pamoja ikaendelea kuonekana kwenye vipuri vya baiskeli. Wazo walilokuja nalo ndilo lililokuwa linatutesa: kipuri chochote cha aina moja kiingie mahali popote pa aina hiyo, bila tupa.

Wazo hilo lilitoka kwenye bunduki zamani zaidi. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, akiwa balozi wa Marekani nchini Ufaransa, alimtembelea fundi Honoré Blanc. Aliwekewa vipande vya mitambo 50 ya kufyatulia bunduki, vimefumuliwa na kupangwa kwenye visanduku. Akaunganisha kadhaa yeye mwenyewe kwa kuokota kipande chochote kilichomjia mkononi, na vyote viliingiana. Kabla ya hapo, kila bunduki ilikuwa peke yake: fundi alipiga tupa kila kipande mpaka kikae kwa jirani yake, na kipande cha bunduki moja hakikufaa kwa nyingine. Kilichobana kilipunguzwa, kilicholegea kilitupwa. Jefferson alilielewa jambo hilo, akaandika barua nyumbani kulieleza, kwa kuwa askari ambaye bunduki yake imevunjika vitani angeweza kutengenezewa kwa kipande cha bunduki nyingine.

Raleigh, ya Nottingham, ilikuwa na kiwanda kikubwa kilichojitengenezea karibu kila kitu, na ikashika nyuzi zake yenyewe, 26. Ndani ya kiwanda kile kila kikombe kiliingia kila fremu. Lakini kiwanda kile kilifungwa mwaka 2002, na baiskeli zake zimebaki zikizunguka Tabora, Kigoma, Mwanza, mahali ambapo maduka yana vipuri vya nyuzi 24. Ninaheshimu sana watu wanaoziweka barabarani, kwa kuwa kila siku wanafanya hesabu hii kwa vidole, bila kipimo.

Mmoja wao anakaa chini ya mwembe karibu na soko, na kwake ndiko nilikokwenda na binti, tumebeba kikombe cha zamani kwenye kitambaa. Ni mzee. Tulimwamkia, tukampa kikombe. Hakukipima. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya nyuzi, akasema, "Raleigh," akavuta kopo la maziwa ya unga lililojaa vikombe alivyovitoa kwenye baiskeli zilizokufa. Alichagua vya kushoto, akavielekeza juani kimoja kimoja, ndani na nje, akitafuta vishimo. Akatupatia kisicho na kishimo.

Nikamwuliza kuhusu cha kulia, akatikisa kichwa. Cha kulia, alisema, kama hakina vishimo hakitolewi kabisa. Unakiacha kwenye fremu, unaingiza kitambaa chenye mafuta ya taa kwa upande wa kushoto, unakisafisha kikiwa mahali pake. Chetu kilikuwa kizima. Akatueleza tukirudishe tukikumbuka upande wake wa kuzungushwa.

Kisha akauliza kama kile kikombe kipya kilikuwa kimeshalazimishwa. Nilipomjibu, alitoa kifaa ambacho sikuwahi kukiona dukani. Ni kikombe cha Raleigh cha zamani ambacho alikikata mifereji kupita kwenye nyuzi zake zote. Chuma cha kikombe ni kigumu kuliko cha fremu, na kingo za mifereji ile zinakwangua uchafu na kuinua nyuzi zilizolala. Alituazima. Alimfundisha binti namna ya kukitumia: tia mafuta, ingiza kwa mkono bila spana, ukihisi kinapinga zungusha mbele robo, rudisha nyuma nusu, toa, futa, anza tena. Asiyekuwa na haraka ndiye anayepewa, alisema, na akampa binti.

Binti aliifanya kazi hiyo sebuleni jioni nzima. Vumbi jekundu la kutu lilitoka, kisha vinyweleo vya chuma, kisha mafuta safi. Kikombe cha mzee kiliingia kwa vidole mpaka mwisho.

Wakati wa kupanga gololi, zilikuwa 21. Zinatakiwa 22. Tulitafuta chini ya kabati, chini ya mkeka, ndani ya ungo, ndani ya sufuria. Mama alipepeta hata mchele wa jioni. Mjomba alidai kuwa 21 zinatosha, na ni kweli kwamba baiskeli ingezunguka. Lakini gololi 10 upande mmoja zingebeba mzigo uliopangiwa 11, na kikombe kingechimbika mapema. Usiku, kitindamimba alipovuliwa kaptula ya kuchezea, iliyokosekana ilidondoka kutoka mfukoni. Alikuwa ameishinda gololi ya kioo ya rafiki yake kwa kutumia hiyo, na hakuona sababu ya kuirudisha.

Grisi ikatiwa kwa wingi, gololi zikapandwa ndani yake ili zisianguke, 11 na 11, ekseli ikapitishwa. Kikombe cha kushoto kilikazwa mpaka ekseli ikakoma kucheza, kikarudishwa nyuma kidogo hadi ikazunguka bila kukwaruza, kisha pete ikafungwa kukishikilia. Hapa ndipo mikono ya Mjomba ilipokuwa bora kuliko ya wote. Anahisi mchezo mdogo ambao mimi siuhisi. Alirudia mara nyingi, macho amefumba, mpaka akaridhika.

Zikabaki pini. Pini mpya huja nene kidogo makusudi, zichongwe. Mjomba alipiga tupa ubapa, akajaribu, akapiga tena, akiutunza ubaki sawasawa. Pini moja huingia kutoka juu na nyingine kutoka chini, mikono ikiwa imetazama pande mbili. Ukiziingiza upande mmoja, mikono haikai kwenye mstari na mpandaji atachechemea kwa miguu yote miwili. Kibomba cha baba kilisimamishwa, nyundo ikapigwa kwa nguvu kamili, nati ikafungwa. Pini zilibana. Safari hii hatukutaka chochote pungufu ya hicho.

Asubuhi ya kwanza binti aliondoka na sare na suruali ya michezo chini ya sketi. Alirudi jioni akisema krenki iko kimya na kwamba alipanda kilima bila kushuka. Pini mpya hujikalia baada ya kuendeshwa kidogo, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata Mjomba alikuja kuzipiga tena na kukaza nati. Mama alimnunulia mzee wa mwembeni kilo ya sukari, akanifanya mimi nimnunulie sufuria mpya, kwa sababu ile ya mafuta ya taa hataki tena kupikia wali.

Niliporudisha kile kifaa cha mifereji, nilimwomba mzee kikombe kingine cha kushoto kutoka kwenye lile kopo. Alichagua kwa uangalifu uleule. Tumekipaka grisi, tumekifunga kwenye kipande cha mfuko, tumekiweka stoo pamoja na spana za baba, na binti ameandika juu yake kwa kalamu: kushoto, nyuzi 26.